Usinililie, Nisomee Tu

Katika toleo lililopita niligusia, kwa mistari mitatu tu, kaseti nilizokuwa nikimrekodia baba yangu riwaya baada ya macho yake kuzima. Mistari hiyo mitatu imeniletea barua nyingi kuliko makala yoyote ya mwaka huu, na karibu zote zinauliza jambo moja: riwaya za kusikiliza, zile anazosoma mtu nawe ukazisikia kwenye simu au kwenye redio ya gari, nini kinazikoleza na nini kinaziharibu. Basi leo ukurasa mzima ni wa hayo.

Niseme kwanza nilikojulia. Sijawahi kufanya kazi redioni. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili Lushoto, na baba alikuwa karani mstaafu wa reli, Tanga mjini. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru mwaka 1988. Tangu hapo hadi alipofariki 2003 nilimsomea riwaya kwenye kaseti za dakika 60, nikazituma kwa basi la Ijumaa. Yeye akizimaliza alizirudisha kwa basi la Jumanne, na mwishoni mwa upande B, pale nilipoacha utepe mtupu, alirekodi maneno yake: nimekosea wapi, nani simwelewi, wapi nimekimbia. Yote niyajuayo nimeyatoa upande B.

*Shikamoo Mwalimu. Naendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Tandiboi wangu aliniwekea riwaya kwenye flashi, saa tisa nzima, na msomaji ana sauti nzuri. Lakini nikisikiliza, ghafla nashtuka: watu wameshaoana, mwingine amekufa, na mimi sijui ni lini. Je, kichwa changu hakifai kwa mambo haya? Dereva, Chalinze.*

Marahaba mwanangu. Kichwa chako ni kizima. Jicho likichoka kusoma husimama palepale lilipo, na kitabu kinakungoja mapajani. Sikio likichoka halina pa kusimama. Sauti inashika njia yake bila wewe. Kwa hiyo kurudi nyuma si aibu, ni sehemu ya kusikiliza, kama vile msomaji wa karatasi anavyorudia aya bila hata kujua kwamba ameirudia. Baba kuna kaseti moja ya upelelezi aliyoirudisha nyuma mpaka redio ikala utepe. Sikukasirika. Nilijua alikuwa anamtafuta muuaji.

Ila nina shaka na riwaya yenyewe. Si kila riwaya nzuri ni nzuri kwa sikio. Ile yenye watu 20 katika sura ya kwanza, au inayoruka kutoka utotoni hadi uzeeni na kurudi tena utotoni, inamtaka mtu mwenye kidole cha kufunua kurasa. Wewe vidole vyako viko kwenye usukani. Anza na ile anayosimulia mtu mmoja habari zake mwenyewe, "mimi" mwanzo hadi mwisho, matukio yakifuatana. Sauti moja inakuja kukaa nawe kwenye kabini, basi. Baada ya tatu nne za namna hiyo, sikio litakuwa limezoea kubeba, na utaweza hata hizo zenye ukoo mzima.

Halafu angalia unaanzia wapi. Majina yote hupandwa katika nusu saa ya kwanza, na mtu asiyeyashika pale atahangaika hadi mwisho. Usiifungue riwaya ukiwa kwenye foleni ya Kimara huku bodaboda zikikukata mbele. Ngoja upite Chalinze, barabara ifunguke. Ukiingia hifadhi ya Mikumi punguza sauti kama unavyopunguza mwendo, kwa sababu twiga hakuulizi umefika sura gani. Na Kitonga zima kabisa. Hakuna hadithi iliyoandikwa inayostahili kusikilizwa kwenye kona zile.

Jambo la mwisho kwako: ukisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, msimulie tandiboi ulipofikia. Dakika tano tu. Pale utakapokwama kusimulia ndipo ulipoanza kupotea, na ndipo pa kurudisha.

*Mwalimu, hujambo? Niko mwaka wa pili chuoni hapa Mombasa. Mwaka huu nimesikiliza riwaya sita kwenye matatu, kutoka Mtwapa kwenda mjini na kurudi. Kakangu anashikilia kwamba sijasoma hata moja, eti kusikiliza ni uvivu. Nimwambieje? Msomaji (au msikilizaji), Mtwapa.*

Sijambo mwanangu, na kakako nisalimie. Mwambie aanzie hapo hapo pwani yenu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mshairi wa kike wa pwani, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Katika ubeti wa kwanza kabisa anamwita binti asogee karibu, na neno analomwambia ni *upulike*, yaani usikie. Alikuwa anaandika, kalamu mkononi, na bado aliyemwona mbele yake ni mtu wa kusikia. Utenzi ule umeishi kwa vinywa na masikio ya wanawake waliouhifadhi ubeti kwa ubeti, na sijasikia mtu aliyewaita wavivu.

Hata hivi vitabu vya sauti vya kisasa havikuanzia kwa watu waliochoka kusoma. Uingereza kulikuwa na askari mmoja, Ian Fraser, aliyepofuka kwa risasi katika mapigano ya Somme, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916 akiwa na miaka 18. Yeye na wenzake walihangaika kwa miaka mingi kutafuta namna ya kuweka kitabu kizima kwenye santuri, kwa sababu santuri za wakati ule ziliisha baada ya dakika chache. Mwaka 1935 vitabu vya kwanza vikaanza kutumwa kwa wasioona, kila upande wa santuri ukibeba takriban dakika 25, kwa hiyo riwaya moja ilikuwa santuri kumi hivi, mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Mimi na kaseti zangu za dakika 30 kila upande tulikuwa hatujawazidi sana.

Lakini kakako hakosi kabisa, na hapa sitakupendelea. Kwa sikio huoni neno linavyoandikwa. Nimesahihisha insha za wanafunzi waliojua hadithi nyingi kwa kusikia, na wengi waliandika walivyosikia. Pia huoni mwandishi alipokata aya, na aya ni pumzi ya mwandishi. Kwa riwaya unayosomea mtihani, isikilize kwanza kwenye matatu uipende, kisha kaa nayo mezani na kalamu. Kwa nyingine zote, umezisoma. Jaribu kumsimulia kakako mojawapo, uone kama atakuuliza imeingia kichwani kwa mlango gani.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, Mwanza. Nashona huku nasikiliza, tangu asubuhi hadi jioni. Kuna wasomaji ninaowazima baada ya dakika tano hata kama hadithi ni nzuri, na kuna wengine ningewasikiliza hata wakinisomea bei za vitenge. Sijui tofauti ni nini, maana wote sauti zao nzuri. Nisaidie kuelewa. Mama wa cherehani, Kirumba.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha, kwa sababu umeuliza swali ambalo baba alinijibu kwa miaka 15.

Sauti nzuri ni zawadi, lakini si kazi. Kaseti yangu ya tatu ilikuwa na mahali mama anamzika mwanawe. Niliisoma nikilia, sauti ikitetemeka, na niliipeleka basini nikijisifu. Iliporudi, upande B baba alikuwa amesema: "Usinililie. Nisomee tu. Kulia ni kazi yangu mimi." Nilinuna wiki nzima. Kisha nikarekodi sura ile upya, kavu, polepole, kila neno limekamilika, na Jumanne iliyofuata hakukuwa na maneno yoyote upande B. Kulikuwa na kimya na mlio wa kiti. Nikaelewa.

Hiyo ndiyo tofauti unayoisikia, mama. Msomaji unayemzima anafanya kazi yako. Anacheka kabla hujacheka, anaogopa kabla hujaogopa, kila kikongwe anamtetemesha kama jani, kila mtoto anambania pua. Baba aliwahi kuniambia: "Mzee huyu unamzeesha mno. Ana miaka hamsini na tano, mdogo kuliko mimi." Unayempenda anaweka chakula mezani na kukuachia mkono wako mwenyewe.

Lakini usidhani basi asome kama anasoma tangazo la mnada. Kiswahili kina mitego yake, na msomaji asiyeijua atakuchosha bila wewe kujua kwa nini. Nikutajie ninayoijua mimi.

Kwanza "akasema". Lugha yetu haitenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Akamtazama, akamwambia aondoke, akakataa: nani alimwambia nani? Kwenye karatasi jicho linaona mstari mpya na kistari cha usemi, linajua zamu imebadilika. Sikio halioni mstari mpya. Kwa hiyo msomaji lazima asogeze sauti kidogo kila mtu anapoingia, nusu hatua tu, huyu chini kidogo na mzito, yule mwepesi na wa haraka kidogo. Si kuigiza, ni kuwapa viti. Watu wawili wakigombana chumbani na wote wana sauti ile ile, wewe kwenye cherehani unaanza kuhesabu nani amesema nini, na uzi umeshakatika.

Pili maswali. Kiswahili swali mara nyingi halina alama yoyote mwanzoni. "Umemuua." "Umemuua?" Herufi ni zile zile, na katika riwaya ya upelelezi umbali kati ya hizo mbili ni mtu kunyongwa au kutonyongwa. Msomaji ambaye jicho lake halikutangulia kuona kiulizo mwishoni atasoma swali kama shutuma, kisha atajifanya hakukosea. Mimi nilivizungushia viulizo vyote kwa penseli nyekundu kabla ya kuwasha kinasa sauti.

Tatu, na hili ndilo huwaangusha wengi wenye sauti za redio, ni mfululizo wa "ka". Akaamka, akavaa, akatoka, akafunga mlango. Msomaji mvivu huzipiga zote kwa pigo moja, juu-chini, juu-chini, kama anayehesabu magunia yakishuka kwenye lori. Baada ya ukurasa mmoja unasinzia. Lakini sikiliza mtu wa zamani akisimulia barazani: mbili atazipitisha haraka, ya tatu ataishika kidogo, ya nne ataiacha idondoke. Kitendo chenye uzito katika mlolongo ule ni kimoja tu, na kazi ya msomaji ni kukijua ni kipi. Akaamka, akavaa, akatoka. *Akafunga mlango.* Sasa unajua kwamba ndani ameacha kitu.

Nne ni matamshi, na hapa nitasema wazi ingawa najua baadhi yenu mtaniita mtu wa pwani mwenye kujidai. Thamani si samani. Dhana si zana. Na mahari si mahali, hasa katika hadithi za ndoa, ambamo maneno yote mawili yanaweza kukaa kwenye sentensi moja. Mtu aliyelelewa na lugha nyingine nyumbani hana kosa lolote akichanganya r na l katika mazungumzo, mimi simcheki na sitaki acheke mtu. Lakini aliyechukua kitabu cha mtu mwingine kukisoma mbele ya maelfu ana deni kwa yule aliyeandika, na deni hulipwa kwa mazoezi.

Ndiyo maana pia sauti za mashine, hizi zinazosambaa sasa, bado hazijanishika. Juzi nilisikia moja ikisema kijana alivuka *barábara*, badala ya *barabára*, njia ya magari, na sura iliyofuata mzee aliyejenga nyumba yake *barábara*, yaani sawasawa, imara, akageuka kuwa amejenga nyumba yake *barabára*, njia ya magari. Neno ni lile lile kwenye karatasi. Mkazo ndio unaoamua. Binadamu anaamua kwa sababu ameelewa habari.

Kuhusu muziki na milio, najua wengi wanaipenda, na mchezo wa redio siwezi kuusema vibaya, nimekulia humo. Sisi nyumbani tulianika betri juani ili zitufikishe mwisho wa mchezo wa jioni. Lakini mchezo wa redio mara nyingi hauna msimulizi, ndiyo maana unahitaji mlango ulie na mbwa abweke. Riwaya mwandishi ameshaandika kwamba mlango ulilia. Ukimsikia msomaji anasema "mlango ukalia" na papo hapo mlango unalia kweli, umeambiwa jambo moja mara mbili, na mara ya pili ni mlango wa mtu mwingine, si ule uliokuwa umeanza kuuona wewe. Mlango wangu mimi ulikuwa wa mbao za mvule, wa nyumba ya babu. Nani ana haki ya kunibadilishia?

*Mwalimu, salamu kutoka Dodoma. Mimi ni kijana, nina simu nzuri na watu wanasema nina sauti. Nataka kuanza kurekodi riwaya za Kiswahili na kuziweka mtandaoni. Nianzeje?*

Anza na ruhusa, mwanangu. Riwaya ina mwenyewe. Mwandikie mwandishi au mchapishaji, eleza unachotaka kufanya, na usirekodi mpaka ujibiwe. Najua kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, na Tanzania na Kenya zote zimo, unaolegeza masharti ya hakimiliki ili vitabu viwafikie wasioona na wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Baba angeufurahia mno. Lakini ule ni kwa ajili yao, haumruhusu mtu kuchukua jasho la mwandishi kutafutia wafuatiliaji. Kama unataka kujizoeza kwanza, tafuta mwandishi chipukizi wa hapo mjini kwako ambaye hadithi zake hazina msomaji. Wote wawili mtafaidika. Au usikilize LibriVox, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza 2005, wanaosoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Vingi ni vya Kiingereza, lakini utajifunza mengi kwa kusikia wasomaji hamsini tofauti, wazuri na wabaya, wakikishika kitabu kila mtu kivyake.

Ya chumba ni haya. Tafuta chumba chenye kitanda, mapazia mazito na nguo zilizoning'inia, kwa sababu kuta tupu hurudisha sauti. Zima feni, na friji ikiwa karibu. Rekodi saa nne usiku au alfajiri kabla ya majogoo. Nyumba yangu ya Lushoto ilikuwa ya bati, na mvua za masika zilipoanza baba alikaa wiki nzima bila sura mpya, akanitumia salamu kwamba kifungo chake ni kirefu kuliko cha mhusika. Shika simu umbali wa shubiri moja, ubavuni kidogo mwa mdomo, si mbele yake, maana herufi p na b hupuliza. Kunywa maji yasiyo baridi. Mdomo ukianza kunata na kutoa vile vimlio vya mate, tafuna kipande cha tufaha. Sijui aliyegundua, ila kinasaidia kuliko maji.

Soma sura nzima kimya kabla ya kuisoma kwa sauti. Hili usilikwepe. Usipofanya hivyo hutajua kwamba mgeni wa ukurasa wa 4 ndiye mwizi wa ukurasa wa 20. Na ukishajua, usimsome kwa sauti ya kijambazi tangu alipobisha hodi, utakuwa umeiuza hadithi yote.

Na ujue ukubwa wa kazi. Mimi ukurasa mmoja ulinichukua dakika mbili na nusu hivi. Riwaya ya kurasa 200 ni zaidi ya saa nane za sauti safi, kwangu kaseti tisa, na kwa kila saa safi weka saa nyingine ya makosa, kikohozi na jirani anayetwanga. Ukikosea neno usilirudie neno lile peke yake, rudi mwanzo wa sentensi. Kiraka cha neno moja husikika daima.

*Mwalimu, mimi huongeza kasi mara moja na nusu ili nimalize haraka. Ni vibaya?*

Kwa habari au mhadhara, ongeza utakavyo. Kwa riwaya unakata vituo, na vituo ndimo wewe unamoingia. Nilivyokueleza hapo juu kuhusu mlango uliofungwa, ujaribu kwa kasi hiyo. Ila msomaji akiwa wa kuburuta kweli, mwongeze kidogo tu, mpaka pale anapoanza kufanana na mtu anayezungumza.

*Mimi hulala nikisikiliza na asubuhi riwaya imeisha bila mimi. Nifanyeje?*

Programu nyingi za kusikilizia zina saa ya kujizima. Iweke dakika 20. Na riwaya ya usiku iwe ile uliyokwisha kuisikia, ili usingizi usikuibie kitu. Ile mpya iachie mchana, wakati wa kufua au kuchambua mchele.

*Asalaam alaykum Mwalimu. Nipo Muscat, kazini. Bibi yangu yupo Unguja, ndiye aliyenilea, na macho yake sasa hayaoni maandishi. Zamani alikuwa hakosi kitabu mkononi. Nimetafuta riwaya za kusikiliza za kumtumia, nyingine hazipendi, anasema hao watu wanapiga kelele. Nimefikiria nimsomee mwenyewe, lakini sauti yangu si ya kusomea, na nikirudi kazini nimechoka. Je, ataifurahia kweli? Mjukuu.*

Waalaykum salaam mwanangu. Hao watu wanapiga kelele: naona bibi yako na baba yangu wangeelewana.

Msomee. Sauti yako si ya kusomea wageni, lakini wewe husomei wageni. Usijaribu kubadilika ukawa mtangazaji, soma kwa Kiunguja chenu mnachozungumza mkiwa ukumbini, atakuelewa kabla hujamaliza neno. Dakika 10 au 15 kwa siku zinatosha, na afadhali ziwe hizo kila siku kuliko saa nzima kila Ijumaa. Zitume kama ujumbe wa sauti, sura moja vipande viwili au vitatu, na kila kipande anza kwa kutaja mlipoishia, sentensi moja tu: "Jana tulimwacha baharini." Wazee hawapendi kuulizwa kama wanakumbuka.

Muulize anataka kitabu gani, usimchagulie. Inawezekana kabisa atataka kile alichosoma akiwa msichana, na wewe utakiona kimepitwa. Msomee hicho hicho. Baba aliniomba riwaya moja mara nne katika miaka 15, na mara ya nne alikuwa akizitangulia sentensi, lakini alitaka azisikie kwa mtu mwingine.

Ukichoka, mwambie umechoka na usome ukurasa mmoja. Usisafishe sana. Mimi mwanzoni nilijitahidi karatasi isisikike nikiifunua, mpaka baba akaniomba niache, kwa sababu ule mlio ndio aliokuwa akihesabia kurasa. Muadhini akiingia katikati ya sura, mwache aingie, na bibi atajua huko uliko ni saa ngapi.

Na mwombe mtu wa nyumbani huko Unguja amfundishe bibi kubonyeza na kukujibu kwa sauti. Atakukosoa. Atakwambia umemeza maneno, umemkimbiza bibi harusi, jina la yule mzee halitamkwi hivyo. Hizo jumbe zake usizifute, na usiziache kwenye simu moja tu. Zihifadhi mahali pengine pia, leo, kabla hujaanza sura ya pili. Mimi kaseti zangu nyingi nilirekodi juu yake, kwa kubana matumizi, nikitandaza sura mpya juu ya maneno yake ya zamani. Iliyobaki ni moja, ya mwaka 2001. Upande B, baada ya mimi kumaliza, anakohoa, anasogeza kiti, anasema: "Sura ya kumi na moja ulikuwa na mafua. Kunywa tangawizi. Kisha niletee ya kumi na mbili, nimemwacha yule mtoto stesheni peke yake na treni haijafika."